Mwanga wa shule ni wa nani?

Swali tunalotaka kulitazama leo ni fupi kwa maneno, lakini limekwisha kuleta ugomvi katika parokia zaidi ya moja. Shule ikiwa na mwanga wake yenyewe, mwanga ule ni wa nani? Ni wa watoto tu? Ni wa walimu? Ni wa misioni iliyoomba, au wa wafadhili waliotoa faranga? Au jirani akaaye ng'ambo ya ua naye ana haki juu yake?

Zamani swali hili halikuwa na maana, kwa sababu mwanga wenyewe haukuwapo. Siku hizi mabamba ya jua, yale ambayo watu wa kwetu huyaita pano, yanaonekana juu ya shule nyingi, na bei yake imeshuka sana kuliko miaka 15 iliyopita. Shule iliyojengwa vizuri na kutumia kwa akili yaweza kujitosheleza kabisa kwa umeme, isingoje nguzo wala mafuta ya mashine. Jambo hilo ni jema, wala hatuandiki ili kulipinga. Twauliza tu: yeye ajitoshelezaye, je, ana deni gani tena kwa wenzake?

Sisi watu wa Kongo tuna sababu yetu ya kuuliza. Pale Inga, upande wa mlango wa mto wetu mkubwa, mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1972, na wa pili mwaka 1982. Toka kule nyaya zilivutwa hata Kolwezi, mwendo wa kilometa 1,700 hivi, zipate kulisha mitambo ya shaba. Nyaya zile zapita juu ya vijiji vingi sana. Watoto waliokuwa chini yake walisoma kwa taa ya petroli, wakakua, wakazaa, na wengi wa watoto wao husoma kwa mwanga dhaifu vilevile. Hata leo, katika kila watu 5 wa inchi yetu, ni kama mmoja tu apataye umeme, na huyo mara nyingi ni mtu wa mjini. Basi tumejifunza kwa macho yetu maana ya mwanga upitao juu ya kichwa cha maskini bila kushuka. Ingekuwa ajabu sana kama shule ya parokia, kwa udogo wake, ingewatendea jirani zake vilevile.

Lakini kwanza tuseme neno juu ya kiasi. Wengi hufikiri ya kuwa shule hujitosheleza siku ile inapopata mabamba mengi. Sivyo. Hujitosheleza siku ile inapojua kutaka kidogo. Fadhila ya kiasi, tuliyofundishwa katika katekisimu pamoja na busara, haki na nguvu, si ya chakula na pombe tu. Huingia hata katika paa, madirisha na taa.

Tuchukue taa. Shule yenye vyumba 6, na taa 4 katika kila chumba, ina taa 24. Zikiwa ni zile za zamani, zenye uzi unaowaka ndani ya chupa, za wati 60 kila moja, zinakula wati 1,440 kwa mara moja. Kwa masomo ya jioni ya saa 3, hesabu yafika 4,320. Taa za siku hizi, ziitwazo LED, hutoa mwanga uleule kwa wati 9 hivi. Taa 24 za namna hiyo ni wati 216, na kwa saa 3 hesabu ni 648. Sasa bamba moja la wati 300, siku yenye jua zuri, laweza kutuletea kama 1,000, tukiisha kutoa kile kipoteacho njiani na ndani ya batri. Basi shule ya kwanza yataka mabamba 5. Ya pili yatosheka na 1, tena yabakiza theluthi nzima. Jua ni lilelile, watoto ni walewale, na vitabu ni vilevile. (Siku za mvua hesabu hupungua, ndiyo maana fundi mwenye busara huongeza bamba moja na batri ya kutosha siku 2. Lakini huongeza juu ya hesabu ndogo, si juu ya hesabu kubwa.)

Kisha kuna nyumba yenyewe. Katika inchi ya Burkina Faso kuna kijiji kiitwacho Gando. Mwana mmoja wa kijiji kile, Diébédo Francis Kéré, alikwenda Ujerumani kujifunza useremala, kisha akajifunza ufundi wa kuchora majengo, na kabla hajamaliza masomo yake akawajengea watu wa kwao shule, iliyokwisha mwaka 2001. Hakutafuta vioo wala mawe ya mbali. Alichukua udongo wa palepale, akauchanganya na simenti kidogo, na watu wa kijiji wakafanya kazi pamoja naye. Dari aliifanya ya matofali yenye nafasi za kupitisha hewa. Paa la mabati aliliinua juu ya dari, mbali nayo, likakaa juu ya vyuma na kutoa ukingo mpana wa kivuli. Hewa ya moto hupanda, hupita katika dari na kutoka chini ya bati, na hewa iliyo baridi zaidi huingia madirishani. Mwaka 2022 alipewa zawadi ya Pritzker, ambayo wajenzi wa dunia huiheshimu sana, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata.

Tuifananishe na vyumba vingi vya kwetu. Bati liko chini, hakuna dari, madirisha ni madogo, na kufika saa 8 mchana nusu ya watoto wanasinzia na nusu wanajipepea kwa daftari. Ndipo mtu husema: tuombe mabamba zaidi, tupate mashine za upepo. Yaani tutumie jua kuliondoa joto la jua tuliloliingiza wenyewe kwa ujenzi mbaya! Dari ya mikeka au ya mbao nyepesi, nafasi ya hewa chini ya ukingo wa paa, miti miwili upande wa magharibi, rangi nyeupe ndani ya kuta ili taa chache zitoshe: vitu hivi havina sifa ya kupigwa picha na wageni, lakini ndivyo vinavyoanza kazi.

Hata Wazungu waliliona jambo hili, kwa upande wa baridi. Katika mji wa Wallasey, Uingereza, mjenzi Emslie Morgan alichora shule iliyofunguliwa mwaka 1961. Upande wa kusini aliweka ukuta mkubwa wa vioo vya safu 2, na sehemu nyingine akazifunika vizuri ili joto lisitoroke. Shule ilipashwa moto na jua, na taa, na miili ya watoto wenyewe. Joto la kila mtoto aliyeketi darasani lilitiwa katika hesabu. Kwetu joto ni adui na kwao ni rafiki, lakini akili ni moja: kabla ya kununua nguvu, tazama ni nguvu gani uliyo nayo tayari na unaitupa.

Kwa nini twakaa sana juu ya kiasi? Kwa sababu hapo ndipo penye jibu la swali letu. Shule isiyo na kiasi haina kitu cha kumpa jirani, hata ikitaka. Shule yenye kiasi hupata ziada, na ziada ndiyo inayoleta deni.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha ya kuwa mtu anaweza kuwa na mali yake, kuitunza na kuitawala, lakini kwa matumizi yake asiihesabu kuwa yake peke yake, bali awe tayari kuwagawia wahitaji. Tena alipambanua kati ya kile ambacho mtu anakihitaji kwa ajili yake na watu wake, na kile kilichozidi. Katika hicho kilichozidi ndimo maskini ana haki. Tulipojifunza maneno haya seminarini tuliyafikiri kuwa ya ghala za ngano na sanduku za fedha. Na katika ghala si rahisi kuona mpaka. Tajiri daima atasema bado hajafika kwenye ziada. Lakini ajabu ya mwanga wa jua ni hii: mpaka wake unaonekana kwa macho.

Tueleze. Asubuhi mabamba huamka polepole. Toka saa 3 hata saa 9 hufanya kazi yake kubwa. Umeme huingia katika batri kama maji yaingiavyo katika pipa. Katika shule itumiayo kwa kiasi, pipa limejaa saa 7 au saa 8 mchana. Hapo chombo kidogo kinacholinda batri hufunga mlango, kwa maana batri ikilishwa kupita kipimo huharibika. Jua bado lipo, mabamba bado yanapigwa na mwanga, lakini umeme ambao yangeutoa hauna pa kwenda. Hauwekwi kesho. Hauuzwi. Unapotea tu, kila siku, mbele ya macho ya mama anayetembea kilometa 5 akitafuta mahali pa kutia simu yake umeme.

Wasomaji wanaikumbuka mana ya jangwani: aliyekusanya kupita haja ya siku moja na kuiweka, asubuhi aliikuta imeoza. Na wanamkumbuka Yosefu katika Misri, aliyeweka ngano kwa ajili ya miaka ya njaa, naye hakulaumiwa, bali alisifiwa. Katika shule yetu mambo haya mawili yako pamoja juu ya paa moja. Batri ni ghala ya Yosefu: iliyomo ni ya usiku, imewekwa kwa ajili ya watoto, na kuilinda ni busara. Mwanga wa mchana usioweza kuingia ghalani ni mana: kuushikilia ni ujinga, tena ni dhuluma, kwa sababu twamnyima mwenzetu kitu ambacho sisi wenyewe hatukipati.

Jibu letu basi ni hili: usiku ni wa wanafunzi, na mchana uliozidi ni wa jirani.

Twajua ya kuwa watu wawili watatukasirikia. Wa kwanza ni yule atakaye mwanga wa usiku. Ana baa karibu na shule, naye yuko tayari kulipa vizuri ili watu watazame mpira. Au ni mkubwa fulani, ambaye waya mmoja mwembamba umepita nyuma ya ukuta mpaka sebuleni kwake, na hakuna aliyeuliza ulifikaje. Atasema: Wakristu hugawana. Tumjibu kwa mfano wa wale mabikira 10. Watano wenye busara waliombwa mafuta usiku, wakakataa, kwa kuwa yasingetosha pande zote mbili, na Bwana hakuwalaumu. Twajua sana ya kuwa Bwana wetu hakuwa akifundisha juu ya petroli, na ya kuwa Mababa wa Kanisa waliyafasiri mafuta yale kuwa mapendo na matendo mema, ambayo mtu hawezi kumwazima mwenzake. Hata hivyo, mfano usingesimama kama kila msikilizaji asingaliona ya kuwa kukataa kwao kulikuwa haki. Kijana anayejitayarisha kwa Egzameni ya Serikali ana usiku chache tu. Ukimpa mwenye baa saa zake 3, hutamrudishia mwaka ujao.

Tena kuna sababu ya ufundi. Batri za risasi, ambazo bado ni nyingi kwetu kwa kuwa ni rahisi kwa bei, haziwezi kuvumilia kukamuliwa. Zikishushwa kila usiku chini ya nusu, hufa mapema sana. Ndiyo maana tumekwisha kuona shule zilizopewa mwanga kwa shangwe na ngoma, na baada ya muda mfupi batri zimekuwa viti vya mlinzi. Watu husema vitu vya siku hizi havidumu. Mabamba yenyewe yaweza kufanya kazi miaka 25 na zaidi. Aliyeua shule ile ni ule waya wa nyuma ya ukuta.

Wa pili atakayekasirika ni mlinzi mwema wa mali ya shule, naye twamhurumia zaidi. Ni mwalimu au katekista aliyejitoa, aliyeziona batri zikifa mara moja, akaapa hazitakufa tena. Amefunga mlango. Mchana na usiku hakuna mtu anayegusa kitu. Akiambiwa juu ya jirani, husema: leo simu moja, kesho pasi ya nguo, kesho kutwa mashine ya kusaga. Maneno yake si ya bure. Pasi ya umeme hula wati 1,000 na zaidi, simu hula 10 tu au chini. Lakini dawa yake ni kipimo na ratiba, si kufuli ya daima. Simu na taa ndogo za kubebwa, toka saa 7 hata saa 9, siku ambazo batri imejaa: hapo wanafunzi hawakunyang'anywa hata dakika moja ya kusoma. Na kama kituo cha afya kiko karibu, kuna jambo lililo bora kuliko simu. Ziko friji za chanjo ambazo hufanya barafu wakati wa jua na kukaa na baridi usiku kucha bila batri. Friji ya namna hiyo na ziada ya shule ni kama zilizaliwa kwa ajili ya kukutana.

Sasa mtu atuulize: na ikiwa ni usiku, na mama anazaa katika kituo kile, na pale hakuna taa? Hapo kanuni yetu ya usiku yaanguka mara moja. Mtakatifu Tomaso huyohuyo alifundisha ya kuwa katika haja ya kufa na kupona vitu vyote ni vya wote, na anayetwaa kwa haja ile haibi. Batri ibebwe, ama waya uvutwe, na wanafunzi watangoja. Hatuoni hapa neno la kubishana. Lakini kama mama wazaao usiku ni wengi kila mwezi, basi ile si haja ya ghafula tena, ni hesabu iliyosahauliwa. Parokia itafute bamba na batri ya kituo kabla ya kutafuta spika mpya za kanisa.

Je, ni halali kumtoza jirani? Twasema ni halali, tena ni vizuri, bei ikiwa ndogo na faranga zikiwekwa kwa ajili ya batri ya pili. Masomo ya shule ya msingi za serikali na za mapatano yalitangazwa kuwa bure mwaka 2019, lakini hakuna aliyetangaza batri za bure, na wazazi wa shule ya sekondari wamekwisha kulemewa. Mtoto ambaye leo yuko mgongoni kwa mama yake atahitaji mwanga uleule batri hizi zikiisha kufa. Naye pia ni jirani. Hesabu iandikwe katika daftari na kusomwa mbele ya watu baada ya Misa, kiasi kilichoingia na kiasi kilichotoka. Yule asiye na hata faranga moja apokewe bila kelele. Komite yoyote inamjua.

Kuna neno jingine, lililo chungu kwa sisi watu wa Katanga. Kobalti ya dunia, zaidi ya theluthi mbili, hutoka katika inchi yetu, na nyingi yatoka pande za Kolwezi. Huingia katika aina fulani za batri. Na inajulikana dunia nzima ya kuwa watoto wameonekana wakichimba, wakichagua na wakiosha mawe yale saa ambayo wenzao wako darasani. Je, shule ya Kikristu inaweza kuwasha taa kwa batri iliyomtoa mtoto mwingine shuleni? Hatusemi ya kuwa kila batri yenye kobalti imechafuka. Twasema tu ya kuwa hapa tunaweza kuchagua. Ziko batri za litiamu zilizotengenezwa kwa chuma na fosfati, hazina kobalti hata kidogo, nazo huvumilia kukamuliwa kuliko zile za risasi na hudumu zaidi. Bei yake ya kwanza ni kubwa. Anayenunua kwa ajili ya shule amwulize muuzaji ndani mna nini. Na batri ya risasi iliyokufa isipasuliwe na watoto wanaotafuta chuma cha kuuza, maana risasi ni sumu, na huharibu akili ya mtoto ambaye tulitaka kumfundisha.

Wengine hutuambia: mkijiwashia wenyewe, serikali italala usingizi mzuri zaidi. Papa Pio XI, katika barua yake ya mwaka 1931, alifundisha ya kuwa si haki chama kikubwa kutwaa kazi ambayo kidogo chaweza kuifanya. Taa za darasa twaweza. Nyaya za Inga hatuwezi, na hizo tuzidi kuzidai. Mtu mwenye taa husoma vizuri zaidi barua anayotaka kuipeleka kwa wakubwa.

Kanisa lenyewe halikungoja. Mwaka 2008, chini ya Papa Benedikto XVI, mabamba zaidi ya 2,000 yaliwekwa juu ya ukumbi wa Paulo VI pale Vatikano. Mwaka 2024 Papa Fransisko, aliyefariki mwaka uliofuata, alitoa barua aliyoiita Ndugu Jua, kwa kumkumbuka Mtakatifu wa Asizi. Ndani yake aliagiza shamba la mabamba huko Santa Maria di Galeria, nje ya Roma, lililokusudiwa kulisha dola lote la Vatikano, na chini ya mabamba ardhi iendelee kulimwa.

Tumebakiwa na Julai na Agosti. Shule zimefungwa, ni kiangazi, mbingu haina wingu, na mabamba yetu yanapata jua safi wakati ambapo darasani hamna mtu. Hiyo ndiyo ziada kubwa ya mwaka, miezi 2 mizima, mchana na hata usiku. Kwa kawaida mkubwa wa shule huondoka na ufunguo wa chumba cha batri mfukoni. Twashauri komite ya wazazi ikutane kabla ya Juni kwisha, na ufunguo ule ukabidhiwe watu wawili wanaobaki: mmoja mzazi, na mwingine jirani asiye na mtoto katika shule ile, hata akiwa si wa dini yetu. Wote wawili watie sahihi katika daftari, na kipimo cha batri kiandikwe siku ya kufunga na siku ya kufungua.